Uliza Kwanza Alikotoka

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Naandika kwa mkono kama ulivyonizoea, mjukuu wangu atapiga picha kurasa akutumie kwa simu. Mwandiko ukikushinda mpigie yeye, usinipigie mimi.

Umeniuliza: mama, wewe ulifanya kazi na Wazungu miaka mingi pale mradini, hivi wote ndivyo walivyo? Ukaeleza kwamba katika hiyo nyumba ya wazee unakofanya kazi huko Hamburg, Ujerumani, watoto wanakuja Jumapili, wanakaa saa moja wakitazama simu, wanaondoka. Kwamba mzee akifa, mauti hayajapoa, wanauliza chumba kinakabidhiwa lini. Barua nzima ni hawa watu hivi, hawa watu vile, na mwisho wake mioyo yao ni baridi kama nchi yao.

Swali lako nitalifikia. Lakini nilipokuwa nakusoma aliyenijia ni Bwana Saa, mzungu wetu wa pale mradini, na akishanijia huyo hanitoki mpaka nimseme.

Si yule wa kisa cha kuku wa baba yako, huyo alikuja baada yake. Bwana Saa tulimpa jina kwa sababu ukiingia ofisini anatazama kwanza mkono wenye saa, kisha ndiyo anaitikia salamu. Nakusimulia mwaka 1984, mwaka aliofariki Waziri Mkuu Sokoine. Wewe ile njaa ya vitu umeisikia tu. Sabuni hakuna, sukari mpaka balozi wa nyumba kumi akuandike, unga ni ule wa manjano wa Marekani tuliouita Yanga, nao kwa foleni. Nilikuwa natoka Ngamiani hapa Tanga kabla ya adhana ya alfajiri, kaka yako mgongoni, naweka jiwe langu kwenye mstari, namwachia shangazi yako alilinde na mtoto amshike, ndipo nakimbilia kazini. Shangazi yako akichelewa, nami nachelewa. Bwana Saa na wenzake wa kule Raskazone vitu vyao vililetwa na gari kutoka Dar es Salaam, kwenye maduka yasiyotoza ushuru. Simlaumu kwa kula. Nasema foleni hakuiona.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha akaandika mwongozo wa kumwachia mgeni atakayemrithi. Mpiga chapa ni mimi. Akaniletea kurasa kwa mwandiko wake, nikatia stensili kwenye mashine, nikaanza. Mwanzo ni visima, mabomba, dizeli, vipuri. Halafu nikaingia sura ya wafanyakazi wenyeji.

Wallahi, kupiga chapa habari zako mwenyewe, herufi moja moja, ni kazi. Kwamba mtu wa Pwani hajui saa. Kwamba asipoelewa anatabasamu. Kwamba hana hapana, atakuitikia ndiyo na kitu hakifanyiki. Kwamba anafiwa kila wiki, kwa hiyo mgeni awe mkali kwenye ruhusa za mazishi. Na ruhusa ya mwisho ya mazishi iliyoombwa pale ofisini ilikuwa ya baba yako, kwenda Tongoni kumzika bibi yako.

Nikapiga. Ukurasa uliofuata ukawa wangu. Jina hakulitia, aliandika karani tu: huyu ni mwaminifu, kazi anaijua, hafanani na watu wa kwao.

Katika yote, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Tusi la kundi unagawana na wenzio, mnalicheka njiani mkirudi. Sifa ile nilipewa peke yangu, na ili niipokee ilinibidi kwanza nimkane mama yangu na dada zangu. Naye kasimama nyuma ya kiti changu, anatabasamu, anangoja nimshukuru.

Nilimwonyesha maneno mawili aliyokosea tahajia. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake wala ya mama yangu. Nikayafuta kwa dawa, nikayapiga upya. Mengine nikayaacha kama alivyoyataka, nikaenda kurudufu. Baba yako, Mungu amrehemu, nilipomwambia usiku ule alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kama Bwana Saa ameona hufanani na sisi, basi mshahara nao usifanane na wetu, kamwombe nyongeza.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Idi ile kila mfanyakazi alipata miche ya sabuni kutoka kwake, na sabuni siku zile ilikuwa ya kufungia kabatini. Siku ya kuondoka alimkumbatia baba yako hadharani, machozi yanamtoka, baba yako hajui mikono aiweke wapi. Kwa hiyo tuseme alikuwa mtu mwema aliyeandika mabaya. Au mtu mwema wa sabuni tu. Nimeshindwa kuamua, na nimekuwa na muda.

Hata lile la ndiyo, siwezi kusema kalizua. Ndiyo za uongo zilikuwapo. Lakini zilianzaje? Baba yako alimwambia masika ile, bwana, njia ya Maramba gari halipiti. Akapewa barua ya onyo kwa ukaidi. Gari likaenda, likazama mpaka milango, likavutwa na trekta. Barua ya onyo haikufutwa. Tangu hapo madereva wote pale mradini walikuwa watu wa ndiyo. Yeye alikuta ndiyo, akaiandika kuwa tabia ya Pwani.

Ndiyo maana nawaambia siku zote, na kaka yako amechoka kunisikia: uliza kwanza alikotoka. Kabla hujamwita mtu hivi au vile, uliza alikuwa wapi kabla hujamwona.

Na maneno haya hayakuanza na Bwana Saa. Babu yangu wa Mwambani alikuwa na minazi yake na dema zake za kunasia samaki baharini. Walowezi walipokuja na mkonge (ile miche ambayo Mjerumani Hindorf aliitoa Florida mwaka 1893, ikapitia Hamburg hiyo hiyo unayokaa, ikafika kwetu hai 62 tu) walitaka watu wa kukata. Watu wa Pwani wakautazama ujira, wakaitazama minazi yao, wakabaki na minazi. Wakaitwa wavivu. Ikaja kodi ya nyumba, rupia 3, ili mwenye chakula naye alazimike kutafuta fedha. Kule Usambara wakatoa kadi, mtu afanye siku 30 kwa mlowezi kila miezi minne. Bado watu hawakutosha, na zama za Mwingereza manamba wakasombwa kutoka Kigoma, Songea na Burundi. Hizo zote ni gharama za kuepa kumwongezea mtu ujira. Babu alikuwa akisimulia mzungu aliyepita saa nne asubuhi akamkuta amelala barazani, akatikisa kichwa. Babu alikuwa ametoka kutega dema na maji ya alfajiri. Huyo naye hakuuliza.

Nasi tulikuwa na vikao vyetu. Jikoni, kwenye gari, chini ya mwembe: mzungu mchoyo, mzungu anapenda mbwa kuliko mjomba wake, mzungu hana ndugu. Tulimwona ofisini tu, hatukujua kwao anamlea nani. Tofauti ni kwamba maneno yetu hayakuandikwa, wala hayakumnyima mtu ruhusa ya kuzika. Tofauti hiyo si ndogo, usije ukaambiwa na msomi yeyote huko kwamba ni ndogo.

Sasa wewe. Unamwona mtoto wa Kijerumani Jumapili, kwa saa moja. Jumatatu yake unaijua? Labda ana zamu mbili. Labda amekuja kwa treni tangu alfajiri. Labda huyo mzee mpole unayemlisha uji alikuwa baba wa fimbo, na mtoto kuja kukaa saa ile moja ni ukarimu mkubwa. Na labda, sikatai, ni mtu asiye na huruma. Wapo. Hapa Ngamiani wapo pia, nikutajie barabara ya ngapi?

Bwana Saa alituona tukiwa wa kulipwa. Wewe unawaona wakiwa wagonjwa na waliochoka. Watu wa nchi nzima hawawezi kuenea katika zamu yako.

Ama juu ya kumweka mzazi kwenye nyumba ya kulipia, hapo mimi nina neno langu. Nililiandika, kisha nikalikata. Hilo ndilo doa la wino unaloliona chini ya ukurasa, usihangaike kulikuza kwenye simu. Nimelikata kwa sababu nikilisema utaniuliza, na wewe mama unakaa na nani? Nakaa na mjukuu anayeshinda shule, na msichana wa kazi ambaye mshahara wake unautuma wewe kila mwezi. Mtu akipita saa nane mchana akanikuta barazani peke yangu, atakwenda kusema watu wa Tanga nao siku hizi wanawatelekeza mama zao. Simu yako ya usiku hakuisikia. Kwa hiyo nimekata. Lakini neno ninalo.

Kuja kwako Desemba sikuulizi, tumeshaongea. Dawa za presha nakunywa. Yule fundi wa bati kala fedha na paa bado linavuja upande wa chumba chako, huyo sihitaji kumuuliza alikotoka, nakujua kwao.

Yule bibi unayemwogesha, uliyesema binti yake anapita bila kukutazama: Jumapili hii msimamishe binti. Muulize ametoka wapi, amekuja na usafiri gani, amekula? Kwa Kijerumani chako hicho hicho. Akikujibu vibaya niandikie, nami nitakuandikia ule mstari niliokata.

Mama yako