Besi za John Entwistle: maswali yenu na majibu yangu

Niliandika hapa majuzi kwamba anayetaka kuelewa besi ya roki, yaani gitaa la noti za chini, aanze na John Entwistle wa The Who, bendi ya Uingereza. Maswali yaliyofuata ni mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mbona mtu huyu hakutulia na gitaa moja? Fender, Gibson, Alembic, Warwick, yote majina ya watengenezaji wa magitaa, kila baada ya miaka michache anaonekana na kitu kipya begani. Nimechagua maswali machache niyajibu kwa zamu.

Nimesikia besi yake ya kwanza aliiunda mwenyewe. Kweli, au ni chumvi ya mashabiki?

Ni kweli. Entwistle alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1944 huko Chiswick, London, katika familia iliyopenda muziki. Alifundishwa piano akiwa mdogo na hakuipenda, akaingia kwenye tarumbeta, kisha kwenye honi ya Kifaransa, ile ya shaba iliyosokotwa kama konokono. Roki ilipomfikia, kilichomteka ni noti nene za chini za gitaa la Mmarekani Duane Eddy. Besi ya dukani ilikuwa ghali mno kwa kijana wa shule, kwa hiyo akachonga ya kwake. Siku moja Roger Daltrey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Who, alimkuta barabarani amebeba besi yake, wakazungumza, na hapo ndipo alipoingia kwenye bendi ya The Detours, ambayo mwaka 1964 ikawa The Who.

Nawaomba msiisahau ile honi. Mtu aliyezoea kupuliza shaba anajua ala ya chini inaweza kuimba yenyewe, si kushikilia tu mdundo. Mimi naamini besi zote alizopitia baadaye zilikuwa safari ya kuitafuta sauti aliyokuwa nayo tayari kichwani.

Mdogo wangu ananiambia Entwistle alikuwa akikatikiwa na uzi ananunua gitaa jingine zima. Nimekataa kumwamini.

Mwombe radhi mdogo wako. Mwaka 1965 The Who walikuwa wanarekodi "My Generation", wimbo ambao katikati yake besi inapewa nafasi ya solo, jambo lililokuwa geni kabisa kwenye roki ya wakati ule. Entwistle alitaka solo hiyo ing'ae, akapata besi ya Danelectro yenye pembe mbili ndefu. Ilikuwa fupi kuliko Fender na nyuzi zake zilikuwa nyembamba, zenye mlio mkali wa kupendeza. Lakini nyuzi hizo zilikuwa zinakatika, na madukani hazikuuzwa peke yake. Uzi mmoja ukikatika, njia ya kupata mwingine ilikuwa kurudi dukani na kununua Danelectro nyingine. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika hadi ya tatu.

Mwishowe alichoka. Akachukua besi ya Fender aina ya Jazz yenye nyuzi za kawaida za enzi hizo, akairahisisha solo kidogo, na hiyo ndiyo tunayoisikia kwenye santuri hadi leo. Isikilize tena ukijua hivyo. Vile vipande vifupi anavyojibizana na gitaa la Pete Townshend vimepigwa na mtu aliyekosa kifaa alichokitaka. Vidole vinakimbia, lakini mlio ni mzito, umefungwa kidogo, haujang'aa alivyotaka. Kwangu mimi mwanzo wa hadithi yote ni hapa. Tatizo lilikuwa nyuzi, na yeye alilijua.

Uliwahi kusema nyuzi ni muhimu kuliko gitaa lenyewe. Fundi wangu amenicheka. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno. Chukua uzi mnene wa besi uuweke karibu na taa. Utaona katikati kuna waya mgumu, na juu yake umezungushiwa waya mwingine kwa kubanana. Kama huo wa juu ni bapa, utapitisha kidole na kuhisi ulaini kama wa utepe. Nyuzi za namna hiyo zina sauti ya duara, fupi, iliyo karibu na besi kubwa ya kusimama ya wanajazi, na miaka ya mwanzo ya 1960 karibu kila mpiga besi alizitumia. Kama waya wa juu ni wa mviringo, kidole kitahisi mikwaruzo midogo midogo, na uzi ukiupiga unalia kwa uwazi na kudumu muda mrefu, kama piano ukibonyeza noti za mkono wa kushoto.

Entwistle alitaka hiyo ya pili. Zilikuwepo nyuzi za mviringo sokoni, ila zile nene hazikutetemeka sawasawa. Nyembamba zinalia, nene zinakufa. Mwaka 1966 alikwenda kwa watengenezaji wa Rotosound, kampuni ya James How hukohuko Uingereza, wakakaa wakajaribu uzi mmoja baada ya mwingine mpaka seti nzima ikalia kwa usawa. Seti iliyotokana na kazi ile ikaitwa Swing Bass na bado inauzwa. Wapiga besi Chris Squire wa bendi ya Yes na Geddy Lee wa bendi ya Rush waliijenga milio yao juu ya nyuzi za namna hiyo hiyo.

Sasa mwambie fundi wako avue nyuzi kuukuu kwenye besi yako, zilizojaa jasho na uchafu katikati ya mikunjo, afunge mpya za mviringo. Mimi nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilifikiri mtu ameongeza sauti ya amplifaya. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Frankenstein ni besi ya kampuni gani? Nimeitafuta kwenye orodha za Fender siioni.

Hutaiona, ndugu yangu, maana ilikuwa moja tu duniani na haikutoka kiwandani. Mwaka 1967, wakati The Who wakiwa safarini, Entwistle alikuwa na mabaki ya besi tano za Fender Precision. Moja ina mwili mzima lakini shingo imekufa, nyingine shingo nzuri lakini pikapu imeharibika, na kadhalika. (Pikapu ni ile sumaku iliyozungushiwa waya inayodaka mtetemo wa nyuzi.) Akakaa chumbani hotelini na bisibisi na chuma cha kuyeyushia risasi, ile ya kuunganishia nyaya. Alisimulia baadaye kwamba baada ya saa mbili alikuwa anazunguka chumba kizima akipiga kelele kwamba imekuwa hai. Ndiyo maana akaipa jina la yule daktari wa riwayani aliyeunganisha viungo vya maiti.

Jaribu kukiona chumba kile. Kitanda kimetapakaa skrubu, harufu ya risasi iliyoyeyuka, mtu mmoja mkimya ambaye jukwaani hasogei hata hatua, anapiga kelele peke yake kwa sababu vipande vitano vibovu vimetoa kimoja kizima. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya waridi, na akaitumia kwa miaka kadhaa, ile miaka ambayo The Who walikuwa moto kuliko bendi yoyote jukwaani. Ukisikiliza albamu waliyorekodi mbele ya watu Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970, utasikia jinsi anavyojaza nafasi yote ambayo gitaa la pili lingekaa. Gitaa la pili halikuwepo. Alikuwepo Townshend, Keith Moon kwenye drams, na yeye.

Kama Frankenstein ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini akahamia Gibson?

Alitaka uzito zaidi. Gibson Thunderbird ina mwili wa mkangazi na shingo inayopita moja kwa moja mpaka mkiani, si ya kufungwa kwa skrubu kama Fender, na sauti yake ya chini inanguruma. Alianza kuonekana nazo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sikiliza "The Real Me" kwenye albamu ya *Quadrophenia* ya mwaka 1973. Besi ndiyo inayoimba pale, na mwenyewe alisema alikuwa anachezacheza tu wakati anarekodi, wenzake wakaikubali ilivyo.

Hata hivyo shingo ya Precision ilikuwa imeshaingia mikononi mwake. Basi akamwendea fundi Peter Cook, wakaunganisha mwili wa Thunderbird na shingo ya Fender, zikazaliwa zile zinazoitwa Fenderbird. Ni yale yale ya chumba cha hoteli, safari hii kwa msaada wa fundi.

Alembic ina tofauti gani na besi nyingine? Kwenye picha inaonekana kama fanicha ya kifahari.

Uzuri wa mbao usikudanganye, kazi ni ya ndani. Alembic ilianzishwa California mwaka 1969 na watu waliokuwa karibu na bendi ya Grateful Dead. Besi ya kawaida hutoa kile pikapu ilichodaka, na vitufe vyake hupunguza tu. Alembic ina saketi yake ndani, inayotumia umeme, kwa hiyo mpigaji anaweza kuongeza sehemu ya sauti anayoitaka kabla haijafika kwenye amplifaya. Entwistle alizishika tangu katikati ya miaka ya 1970 kwa takriban miaka kumi, nyingi zikiwa na umbo la pembe kali na buibui lililonakshiwa. Kwenye "Trick of the Light" ya mwaka 1978 alitumia ya nyuzi nane, nyuzi zikikaa mbilimbili, na wengi wakisikiliza hudhani ni gitaa la kawaida lenye hasira.

Nitasema ukweli wangu: milio ya miaka hii siipendi sana kama ile ya Thunderbird. Iko safi mno. Lakini ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na alichokitafuta tangu 1965, kila noti inasikika hata akipiga kumi kwa pumzi moja.

Vidole vyake vilifanya nini hasa? Nimejaribu kumwiga nimeshindwa.

Hakuwa anavuta uzi tu kama wengi wetu. Alikuwa na namna ya kuupiga uzi kwa ncha za vidole vinne karibu na mwisho wa shingo, kama mtu anayepiga taipu, uzi ukagonga vile vichuma vya shingoni. Mgongano huo ndio unaotoa ule mkwaruzo wa chuma. Haifanyiki kwa nyuzi bapa, na haifanyiki kama nyuzi ziko juu sana kutoka shingoni. Zishushe kwanza, halafu ujaribu taratibu.

Amplifaya zake je?

Alikuwa mteja wa mapema wa amplifaya za Marshall, duka la Jim Marshall likiwa London hukohuko. Aliponunua spika kubwa zaidi, Townshend naye ikabidi atafute zake ili asikike, na mashindano hayo yakaendelea kwa miaka. Baadaye alitumia amplifaya za Sunn na Hiwatt. Mbinu yake kubwa ilikuwa ya kugawa sauti ya besi mara mbili: ya chini iende kwenye amplifaya moja ikae safi na nzito, ya juu iende kwenye nyingine ikwaruze anavyotaka. Wapiga besi wa roki wanafanya hivyo mpaka leo. Gharama yake ilikuwa masikio, uzeeni alisikia kwa shida. Wewe unayefanya mazoezi chumbani, vaa vizibo.

Besi yake ya mwisho ilikuwa ipi, na baada ya kifo chake zote zilikwenda wapi? Ungepewa moja ungechukua ipi?

Ya mwisho ni Buzzard, yenye umbo la ndege anayeruka. Aliisanifu na kampuni ya Warwick ya Ujerumani katikati ya miaka ya 1980, ikiwa ya mbao. Katika miaka ya 1990 akahamia toleo la kampuni ya Status ya Uingereza, lililoundwa kwa kaboni. Mbao hunywa unyevu, shingo ikapinda ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto. Kaboni haijali. Kwa mtu anayelala mji mmoja na kuamka mwingine, hilo ni jambo kubwa. Na mlio wake, ukiusikia kwenye maonyesho yao ya mwishoni, ni piano kabisa.

Alipiga na The Who kwa mara ya mwisho Februari 2002, ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo alifariki Las Vegas akiwa na miaka 57, siku moja kabla ya ziara ya Marekani kuanza. Mei 2003 mkusanyiko wake ulipigwa mnada na Sotheby's, London, magitaa yakatawanyika kwa wanunuzi mbalimbali, Frankenstein ikiwemo.

Mimi ningechukua hiyo ya waridi. Ningeifuta vumbi, ningeangalia viungio vya risasi alivyochomea kwa mkono wake kama bado vimeshika, na kabla ya kuipiga noti ya kwanza ningeifunga nyuzi mpya.