Kabla hujanunua gemu la shamba, tazama siku yake ya kawaida

Juzi usiku, kama saa nne na nusu, mdogo wangu wa kiume aliniandikia: "Dada, lile gemu la shamba unalocheza, ninunue?" Nikataka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Nimeshalipia magemu ya shamba matatu katika miaka sita. Mawili nayajutia. La tatu bado limo kwenye laptopu yangu na nalicheza karibu kila Jumapili jioni nikishamaliza kupiga pasi. Kwa hiyo namjibu hapa kwa urefu, na wengine mnaoniuliza swali hilo hilo msome humu humu.

Analoliuliza ni Stardew Valley. Lilitoka tarehe 26 Februari 2016, na lilitengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone, aliyelihangaikia zaidi ya miaka minne. Michoro, muziki, maneno ya kila mwanakijiji, vyote vilipita mikononi mwake. Hadithi yenyewe ni fupi: umechoshwa na kazi ya ofisini kwenye kampuni kubwa, unafungua barua uliyoachiwa na babu yako, unakuta amekurithisha shamba. Unapanda basi, unashuka, mbele yako kuna magugu, visiki na mawe. Unapewa mbegu 15, mfukoni una sarafu 500. Kuanzia hapo ni wewe na jembe lako.

Wengi hununua kwa kuangalia trela, na hapo ndipo tunapokosea. Trela hukuonyesha shamba lililokwisha kupendeza: ng'ombe wanene, maboga makubwa, harusi, taa za sikukuu. Hayo yote yamo kweli, lakini utayafikia baada ya siku nyingi sana zinazofanana. Siku ya gemu hili huanza saa 12 asubuhi na mwisho wake ni saa 8 usiku, na kwa saa ya ukutani hula kama dakika 14. Unaamka, unamwagilia, unakwenda dukani kwa Pierre kununua mbegu, unampelekea mtu zawadi, unashuka mgodini au mtoni, unarudi kulala. Kesho ni hivyo hivyo. Msimu una siku 28, misimu ni minne, kwa hiyo mwaka mmoja wa gemu, ukizitumia siku zake mpaka usiku, ni zaidi ya saa 26 za maisha yako halisi.

Basi fanya hivi. Nenda YouTube, tafuta video ndefu ya mtu anayecheza bila kelele nyingi, ruka mpaka katikati ya msimu wa joto wa mwaka wa kwanza, kisha tazama siku moja nzima. Mwanzo kila gemu ni tamu na mwisho kila shamba ni zuri, kwa hiyo huko usihangaike nako. Tazama ile siku ya katikati ambayo hakuna sherehe, mtu anamwagilia nyanya zake mstari kwa mstari na kopo lake linaishiwa maji inabidi arudi bwawani. Ukijikuta mikono inakuwasha, unataka kumwambia "anzia upande ule", nunua. Ukijikuta unasema "haya, halafu?", acha, na wala usijione una kasoro. Hicho unachokiona ndicho utakachokuwa unakifanya.

Mimi somo hili nililipata kwa kulilipia. Gemu langu la kwanza la shamba lilikuwa la bure, kwenye simu, na sitalitaja. Mazao yake yalifuata saa halisi: ngano inachukua muda huu, mahindi muda ule, na kama huna subira unanunua almasi za kuharakisha. Kila mara ilikuwa shilingi 2,500, kitu ambacho ukikifanya ukiwa kwenye daladala hukihisi. Mwisho wa mwezi nikapitia ujumbe wa miamala kwenye simu, nikajumlisha, nikakuta 60,000 na kitu. Nilikaa kitandani nimeishika ile simu nikiwaza ada ya mtoto. Lakini kilichoniuma zaidi ni usingizi. Simu ilikuwa inalia saa tisa usiku kuniambia mazao yameiva, nami nikawa naamka kweli, naamka kuvuna kitu ambacho hakuna mtu atakila, nikihofia kitaharibika.

Kuanzia hapo, kabla ya kulipia gemu lolote la aina hii, huuliza swali moja kwanza: nikilizima leo, litanidai nini kesho? Stardew Valley halidai. Ukilizima, shamba linasimama. Nimewahi kuliacha miezi mitatu mama alipokuwa anaumwa, niliporudi viazi vyangu vilikuwa pale pale, bado siku mbili viive, na mbwa amelala mlangoni. Halina matangazo, halina almasi. Ukishanunua umenunua. Nyongeza kubwa zilizotolewa baadaye, ile ya Desemba 2020 iliyoleta kisiwa kizima na ile ya Machi 2024, zilitolewa bure kwa kila aliyekuwa nalo. Za simu huwa zinachelewa, hiyo ya 2024 ilifika kwenye simu mwezi Novemba, lakini zinafika.

La pili nililojutia lilikuwa linauzwa likiwa bado jikoni. Watengenezaji walikuwa na orodha ndefu ya ahadi: wanyama hawa, msimu ule, uwezo wa kucheza na rafiki. Nikanunua ahadi. Laptopu yangu ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga, na mwaka mzima ulipita baadhi ya vitu vile havijaonekana. Huenda leo liko vizuri, sijui, nilishalifuta. Ushauri wangu hapo ni mfupi: lipia kilichomo leo. Kama kilichomo leo hakikutoshi, subiri likamilike, hutapungukiwa na kitu.

Sasa nije kwenye kile hasa ninachokipata kwa hela yangu, maana "linatuliza" ni neno jepesi mno. Mwaka jana nilikwenda Njombe kumwona mama. Usiku baada ya kula nikafungua laptopu, akaja akakaa karibu, akavaa miwani. Akauliza, "Hivyo ni nini?" Nikamwambia viazi. Akasogea. "Umepanda lini?" Siku nne zilizopita. "Vinaiva lini?" Keshokutwa. Akacheka sana, kile kicheko chake cha kushika magoti. Halafu akaanza kuuliza kama mkulima: mbona hupalilii, mbolea uliweka, ndege hawali? Nikamwonyesha sanamu la kuamia ndege, nikamwambia bila hilo kunguru wanashuka kweli na asubuhi unakuta mche haupo. Hapo akaridhika kidogo. Swali lake la mwisho ndilo lililonikaa: "Na ukishavuna, anayenunua nani?"

Nikamwonyesha lile sanduku pembeni ya nyumba. Unatia mazao humo jioni, ukilala usiku hela inaingia. Mbegu ya kiazi 50, kiazi 80, mwaka huu na mwaka ujao. Hakuna dalali anayekuambia bei imeshuka tangu asubuhi, hakuna anayetaka lumbesa. Mama alinyamaza. Mwanamke huyu amelima viazi zaidi ya miaka thelathini, na nimewahi kumwona akirudi kutoka barabarani na magunia yake kwa sababu bei aliyopewa hailipi hata mbegu. Akasema tu, "Basi hapo mtu angelima kwa moyo."

Hilo ndilo unalolinunua. Unanunua mahali ambapo jasho halipotei. Ukimwagilia, kitaota. Kikiota, kitanunuliwa. Ukimpelekea jirani zawadi anayoipenda, atakukumbuka. Maisha yangu ya kazini hayako hivyo, naweza kukaa wiki mbili naandaa hesabu ambazo hakuna atakayezifungua, na zile dakika 14 za Jumapili hunirudishia kitu. Kama wewe kinachokuburudisha ni kushindana, kumfunga mwenzako, kupanda daraja, hapa utasinzia. Na kama unatafuta gemu la kumfundisha mtoto kilimo, hili halifundishi. Misimu yake ni ya kule kwao, machipuko, joto, mapukutiko na baridi, na wakati wa baridi theluji inafunika kila kitu na nje karibu hakuna kinachoota. Masika na vuli zetu hutaziona humo.

Kuna mambo ambayo mashabiki wenzangu huwa hawayasemi. Kwanza, wiki za mwanzo halitulizi. Saa inakimbia, nguvu za kazi zinaisha umemwagilia nusu ya shamba, na saa 8 usiku ikikukuta nje unazimia na sarafu zako zinapungua. Uvuvi ndio uliowakimbiza wengi ninaowajua: kuna kijistari cha kijani cha kupandisha na kushusha ili samaki asitoke, na vidole vikiwa havijazoea utakosa kumi mfululizo. Nilisusa, nikarudi baada ya kupata fimbo nzuri zaidi, sasa naupenda. Lakini hakuna anayekulazimisha kuvua kila siku. Lima.

Pili, lugha. Lipo kwa Kiingereza na lugha nyingine 11, Kiswahili hakimo. Na maneno ni mengi, kwa sababu nusu ya utamu wake ni kuzungumza na watu. Kuna Shane, anayefuga kuku na kunywa kupita kiasi, ambaye ukimzoea unamkuta siku moja amekata tamaa kabisa na maisha. Kuna Kent, mwanajeshi, anayerudi nyumbani mwaka wa pili na hawezi kusikia mlio wa bisi jikoni bila kurudishwa vitani. Kwa picha zake za kitoto mtu hatarajii kukutana na hayo, na mimi nalipenda gemu hili kwa sababu hiyo. Mzazi ajue tu: kuna baa, kuna kamari ya kuigiza jangwani, na Marekani limewekewa alama ya miaka 10 na kuendelea. Mwanangu ana miaka 11, tunacheza tukiwa wawili.

Hela na vifaa havina mengi. Kwenye simu bei yake ya kawaida ni dola 4.99, kwenye kompyuta dola 14.99, na kwenye duka la Steam hupunguzwa bei mara kwa mara, hasa kwenye mauzo makubwa ya mwaka, kwa hiyo kama huna haraka liweke kwenye orodha yako usubiri. Lina uzito wa kama MB 500, na RAM ya GB 2 inalitosha. Ukishalipakua linacheza bila bando. Laptopu yangu ina miaka tisa. Angalizo kwa wa kompyuta: shamba hujihifadhi ukilala tu, kwa hiyo kama betri yako imechoka na umeme wa kwenu ni wa kukatika-katika, mlaze mkulima wako kabla hujainuka kwenda kupika. Nimewahi kupoteza mavuno ya matikiti ya msimu wa joto kwa kusahau hilo.

Ukinunulia Steam una nafasi ya kulirudisha na kurudishiwa hela, mradi hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Zitumie saa hizo kwa akili. Saa mbili ni kama siku nane za gemu, na siku nane zinatosha. Siku ya pili mvuvi anakupa fimbo. Siku ya tatu inanyesha, kwa kila mchezaji, lazima inyeshe, na hiyo ndiyo siku yako ya kwanza ya kutembea bila kumwagilia. Ya tano zile mbegu 15 zinaiva, na mgodi unafunguliwa. Ikifika siku ya nane umeshaonja karibu kila kitu, na utajua kama unaitaka ya tisa. Kwenye Google Play muda ni mfupi zaidi, omba ndani ya saa 48.

Wengine mtaniuliza kuhusu Animal Crossing: New Horizons, lile la mwaka 2020. Ni zuri sana, lakini linataka mashine ya kuchezea magemu ya Nintendo Switch, lenyewe lilitoka kwa dola 59.99, na linafuata saa halisi ya kwenu. Kwa mtu niliyeshaamshwa saa tisa usiku na ngano, hapana.

Mdogo wangu, wewe ni mtu wa mpira na magari, nakujua. Lakini tangu uhamie kwenye hiyo kazi ya zamu umekuwa ukiniandikia usiku, usingizi huna. Tazama ile siku ya katikati kwanza. Ukinunua, usiuze mbegu zako za mwanzo hata moja, na usinipigie simu kuhusu samaki mpaka wiki ya pili. Na ukimpigia mama Jumamosi, mwambie umepanda viazi. Atakuuliza siku ngapi.