Kabla hujaandika Mwanasheria Mkuu kashinda au kashindwa

Ninyi mnaoanza kazi dawati la kimataifa mtatupiwa uchaguzi wa Marekani mapema, maana wakongwe tunaukwepa. Urais na Seneti vinaandikika, hata msomaji wa daladala anajua vinahusu nini. Kinachoumbua watu ni mistari ya chini ya karatasi ya kura, na uliowahi kuniumbua mimi ni wa Mwanasheria Mkuu.

Ilikuwa Novemba 2018. Vituo vya kura vya Wisconsin vilifungwa saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu. Hadi naondoka zamu asubuhi, Brad Schimel, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, alikuwa ameachwa nyuma kidogo na Josh Kaul wa Democratic. Nikarudi usiku wa tarehe 7 nikakuta habari nyingine mezani: Rais Trump amemwondoa Jeff Sessions, naye Mwanasheria Mkuu. Kwa usingizi na haraka nikazishona habari mbili ziwe moja. Mzee wa zamu akaniita mezani kwake, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Kijana, huyu aliyeshindwa kura na huyu aliyefukuzwa ni mtu mmoja?" Nikanyamaza. Ilibaki dakika tano habari iende hewani.

Kosa lilianzia kichwani. Huku kwetu Mwanasheria Mkuu ni mmoja, anateuliwa na Rais, basi ukisikia cheo hicho akili inakupeleka kwa mtu wa serikali kuu. Kule yupo wa taifa, anayeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na kila jimbo nalo lina wake. Katika majimbo 43 anapigiwa kura na wananchi. Maine wanamchagua wabunge wa jimbo, Tennessee anateuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo, na matano yaliyobaki gavana ndiye anayemteua. Kwa hiyo usiandike kamwe "Mwanasheria Mkuu" peke yake. Andika wa wapi.

Aliyepigiwa kura hana deni kwa gavana. Wanaweza kutoka vyama tofauti na wakavutana mbele ya jaji. Mwaka 2010 Rob McKenna, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington, Mrepublican, aliliingiza jimbo lake kwenye kesi ya kupinga sheria ya afya ya Rais Obama, ile ya Obamacare iliyotaka kila mtu awe na bima, huku gavana wake, Christine Gregoire wa Democratic, akiitetea sheria hiyo hiyo.

Sasa sheria yenyewe, maana ndiyo iliyoipa nafasi hii uzito mnaouona. Obama alitia saini tarehe 23 Machi 2010. Siku hiyo hiyo Bill McCollum wa Florida alifungua kesi Pensacola akiwa na majimbo mengine 12, na Ken Cuccinelli wa Virginia akafungua yake peke yake. Novemba ya mwaka ule ukawa uchaguzi. Ohio, Richard Cordray aliyekataa kujiunga na kesi akashindwa na Mike DeWine. Kansas, Steve Six akashindwa na Derek Schmidt. Januari 2011, viapo havijakauka, Ohio na Kansas zikaingia upande wa wadai. Walalamikaji wakafika majimbo 26. Hakuna mpiga kura aliyeona neno "kesi" kwenye karatasi yake, lakini msimamo wa jimbo lake kwenye kesi ndio uliohama.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Juni 2012. Sharti la kila mtu kuwa na bima likapona kwa kura tano dhidi ya nne, likahesabiwa kuwa kodi, ila majimbo yakapewa hiari ya kupanua au kutopanua Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Wengi walidhani yameisha. Desemba 2017 Bunge likaishusha faini ya kukosa bima hadi sifuri, na miezi miwili baadaye Ken Paxton wa Texas pamoja na Schimel wakaongoza majimbo 20 kurudi mahakamani: kama hakuna faini hakuna kodi, basi sheria nzima ife, pamoja na kinga inayozuia kuwanyima bima wenye maradhi tangu kabla ya kuikata.

Hapo ndipo Sessions, yule niliyemchanganya, anapoingia kweli. Juni 2018 wizara yake ya sheria iliiambia mahakama kwamba haitatetea sharti la bima wala kinga hiyo. Sheria ya taifa ikabaki ikitetewa na majimbo, Xavier Becerra wa California akiwa mbele. Virginia ilikuwa miongoni mwa watetezi! Jimbo la Cuccinelli, lililokimbilia mahakamani siku ya kwanza, sasa lilikuwa upande wa pili, kwa sababu mwaka 2013 Mark Herring wa Democratic alishinda kiti hicho. Matokeo rasmi ya kwanza yalimpa kura 165 zaidi ya mpinzani. Baada ya kuhesabu upya zikawa zaidi ya 900. Ukiona pengo kama hilo, neno "ashinda" lisubiri.

Ndiyo maana nawaambia, kabla ya usiku wa matokeo tengeneza karatasi yako ndogo: jimbo, nani yuko ofisini, kesi gani kubwa ana saini yake, mpinzani kaahidi kufanya nini nayo. Mimi yangu naiandika kwa mkono. Ukiwa nayo, ushindi wa Kaul wa kura kama 17,000 unakuwa habari nyingine kabisa.

Ila msikimbilie kuandika kwamba jimbo "limejitoa". Desemba 2018, kabla Kaul hajaapishwa, bunge la Wisconsin lenye Warepublican wengi lilipitisha sheria ya kuwazuia yeye na gavana mpya kujitoa kwenye kesi bila kibali cha bunge hilo. Ilibidi kwanza jaji aisimamishe, mwaka 2019, ndipo Wisconsin ikatoka. Maine nayo ilitoka, wadai wakabaki majimbo 18.

Kesi iliisha tarehe 17 Juni 2021, majaji saba dhidi ya wawili. Kijana mmoja wa mafunzo aliniletea kichwa: "Mahakama yathibitisha sheria ya Obama ni halali." Nikamwomba asome tena uamuzi. Majaji walisema wadai hawakuonyesha madhara yaliyowapa haki ya kufungua shauri. Uhalali wenyewe hawakuugusa. Alikuna kichwa, akafuta, akaandika: "Texas na wenzake wakosa haki ya kushtaki." Niliipitisha hivyo hivyo.