Kiwanja cha mlimani kitazame kwanza mvua ikinyesha

Wengi wanaoniita niwajengee huku Lushoto huja kuona kiwanja wakati wa kiangazi. Anga jeupe, ardhi kavu, upepo unapita kwenye mikaratusi, na mteja ananyoosha mkono: "Fundi, nyumba ikae hapa, tuwe tunaliona bonde." Nina miaka 19 ya kujenga kwenye milima hii ya Usambara, na siku hizi jibu langu ni hilo hilo kwa kila mtu. Turudi Aprili, masika yakiwa yamekolea, tutembee kiwanja kizima na mabuti. Ramani itasubiri.

Nilifundishwa na nyumba moja ya upande wa Soni. Nilikuwa bado kijana, nina haraka ya kumridhisha mwenye nyumba. Alitaka uwanja tambarare, basi tukakata mteremko upande wa juu, udongo tukausukuma chini, tukashindilia mpaka tukaona pamekaza. Nusu ya nyumba ikakaa kwenye ardhi ya asili, nusu ikakaa kwenye kifusi. Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili, ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la jikoni, ukapanda kwa kufuata maungio ya tofali mpaka kwenye linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Nilipofika niliingiza kidole kikazama. Upande wa mbele ulikuwa umetitia. Mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote pale, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, tunafanyaje?" Tulibomoa jiko na chumba kimoja, nikajenga upya kwa fedha zangu, na deni lile lilinichukua miaka miwili kulimaliza. Swali lake ninalo mpaka leo, na kila ninapoona mtu anasukuma udongo mteremkoni ili apate uwanja, moyo unaniuma.

Kwa hiyo mvua ikinyesha, angalia mambo haya. Maji ya juu ya kiwanja yanaingilia wapi na yanatokea wapi? Pigilia vigingi kila unapoona kijito, hata chembamba cha upana wa kiganja, kwa sababu ikifika Septemba hutakikumbuka. Penye majani ya majimaji katikati ya nyasi za kawaida, chini pana chemchemi. Kisha tazama miti. Shina lililopinda karibu na ardhi halafu likanyooka kwenda juu linakwambia udongo wa pale unatembea polepole, na mti umekuwa ukijirekebisha miaka yote. Mti mmoja wa hivyo unaweza kuwa na sababu zake. Ukiiona sita au saba imepinda upande mmoja, sogea, usijenge hapo. Na kama kuna mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 mbali nao, kwa hiyo pima kabla hujalipia kiwanja.

Mwaka juzi nilijenga nyumba ya familia moja karibu na Magamba: baba, mama, watoto wanne na bibi yao. Kiwanja kilikuwa msitu mtupu, mikaratusi, miwati, na mkulo mmoja mkubwa, mti wa asili wa milima hii, ambao watu wawili hawaukumbatii. Baba alikuwa ameshazungumza na kijana wa chenso asafishe chote. Nilimwomba anipe siku moja. Tulizunguka na kopo la rangi, nyeupe kwa mti unaobaki, nyekundu kwa unaoondoka. Kati ya miti 43 tuliondoa 11. Mikaratusi iliyoegemea upande wa nyumba ilibidi iende, maana ina tabia ya kudondosha matawi mazito hata siku isiyo na upepo. Lakini visiki vya upande wa juu hatukuving'oa. Mizizi ile inaendelea kushika udongo kwa muda, na kabla haijaoza tulikuwa tumeshapanda migrivelia katikati yake. Mkulo tuliuacha, tukaisogeza nyumba mita 4. Mti wa asili, hata ukiwa shambani kwako, usiuguse kabla hujapita kwa ofisa misitu wa wilaya.

Nyumba yenyewe tuliipandisha kwa ngazi kama mlima ulivyo. Sakafu tatu, kila moja imezidi mwenzake kama sentimita 90, na msingi wa kila moja umechimbwa mpaka kwenye udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Hapakuwa na kifusi chini ya ukuta wowote. Ramani ya kwanza ilikuwa imemweka bibi sakafu ya juu kwa sababu ndiko kwenye jua la asubuhi. Tulipomwonyesha kwa kamba pale pale kiwanjani, alisimama ndani ya chumba chake cha kamba, akauliza, "Usiku nikitaka kwenda msalani nashuka ngazi ngapi?" Zilikuwa sita. Tukabadilisha siku hiyo hiyo. Chumba chake kikaja usawa wa mlango mkubwa, choo pembeni, dirisha la mashariki. Tangu hapo sichimbi msingi kabla familia nzima haijatembea ndani ya kamba, wazee na watoto.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ndio watu wanaoubania fedha, na ndio unaoangusha nyumba. Kinachousukuma zaidi ni maji yaliyonaswa nyuma yake kuliko udongo wenyewe. Nyuma ya ukuta jaza kokoto kubwa, siyo udongo. Pitisha vipande vya bomba ukutani vikiinamia nje, na juu yake chimba mtaro unaopeleka maji pembeni kabisa ya nyumba. Shimo la maji taka likae upande wa chini, mbali na ukuta huo. Pale Magamba, karibu theluthi ya fedha yote iliishia chini ya sakafu, mahali ambapo mgeni haoni kitu. Mwambie mwenzako wa nyumbani mapema, ili asije akadhani fundi amekula.

Vifaa vinapandishwa kutoka Mombo, kule chini ya mlima, kwa zile kona zote za barabara, na Fuso mara nyingi haifiki kiwanjani, kwa hiyo weka bajeti ya wabebaji. Simenti isilale chini. Ukungu wa Julai unaigandisha ndani ya mfuko. Mbao za mkaratusi zikiwa mbichi usizipandishe kwenye kenchi, zitajipinda na bati zako.

Kuchimba anza Juni mvua zikikatika, ukilenga kuezeka kabla ya vuli. Paa litoke nje ya ukuta sentimita 90. Na ukishahamia, majani yanajaa kwenye gata haraka kuliko unavyofikiri, maji yanafurika na kuangukia msingi ule ule uliogharamia. Pale kwa bibi, kijana mkubwa hupanda ngazi na ndoo kila mwisho wa Februari, bibi akiwa dirishani anamwonyesha kona aliyoiruka.