Ukiandaa maonyesho katika maktaba ya chuo, anzia rafuni

Maonyesho ya kwanza niliyopewa kuyasimamia yalijaza watu kwa muda wa saa moja na nusu tu. Nilikuwa mkutubi mwenye miaka mitatu kazini katika maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na kamati ilikuwa imeamua tuadhimishe historia ya magazeti ya Kiswahili. Tulikodi viti na turubai, tukaandaa meza kuu yenye vitambaa na maua, tukaagiza soda na sambusa, tukamwalika mgeni rasmi. Alichelewa saa mbili. Alipofika alisoma hotuba, akakata utepe, akapita mbele ya makabati ya vioo kwa mwendo wa mtu anayewahi basi, akapigwa picha, akaondoka, na umati mzima ukageukia soda. Kesho yake nilikaa kwenye dawati langu tangu asubuhi hadi jioni nikihesabu waliosimama kusoma chochote. Walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa fundi aliyekuja kutengeneza feni.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mgeni rasmi, lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Tulitaka kuonyesha kila kitu: Msimulizi, lililotolewa na wamisionari Waanglikana wa shirika la UMCA huko Kiungani, Unguja, kuanzia mwaka 1888, Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni ya Waingereza lililoanza Januari 1923, Kwetu, gazeti ambalo Erica Fiah, Mganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alilianzisha mwaka 1937, kisha Mwafrika, Ngurumo, Uhuru, na mengine yaliyokuja baadaye. Vielelezo vilikuwa zaidi ya 60. Kila kimoja kilikuwa na maelezo ya ukurasa mzima, yaliyonakiliwa kutoka kwenye vitabu vya historia, kwa herufi ndogo kiasi kwamba mtu mzima alilazimika kuinama kama anayetafuta sindano. Hakuna aliyeinama, isipokuwa yule fundi, ambaye alikuwa amekwisha kupiga magoti tayari kwa sababu ya waya zake.

Tangu wakati huo nimeandaa maonyesho kadhaa, na mkutubi anayeniuliza aanzie wapi humjibu kwamba maonyesho ya maktaba yana kazi yake pekee, ambayo makumbusho hayana. Aliyevutiwa na kitu makumbusho hawezi kukiomba akakaa nacho mezani, ilhali katika maktaba yale yaliyomo kabatini ni sehemu ndogo tu ya yaliyomo rafuni, hatua chache kutoka hapo aliposimama. Kwa hiyo pima maonyesho yako kwa vikaratasi vya maombi vitakavyoletwa dawatini wiki inayofuata, hata kama picha za ufunguzi zilipendeza. Andika namba ya rafu mwishoni mwa kila maelezo. Ni mstari mmoja tu, lakini nimeona wanafunzi wakiupiga picha kwa simu na kuja nao moja kwa moja kwetu.

Mara ya pili niliacha historia nzima nikachukua swali moja: wasomaji wa Mambo Leo walikuwa wakiandikiana nini? Lilikuwa jarida la serikali, na habari zake nyingi zilikuwa zile ambazo serikali ilitaka zisomwe, lakini kurasa za barua na mashairi zilikuwa uwanja wa wasomaji wenyewe, na humo ndimo hata Shaaban Robert alimochapisha mashairi yake alipokuwa bado karani asiyejulikana sana. Wanafunzi wetu wengi walimfahamu kwa vitabu vya mitihani tu. Walishangaa kumkuta amepangwa katika ukurasa mmoja na watu ambao majina yao hayakumfikia mtu yeyote baadaye, wote wakipimana kwa vina. Tulichagua vielelezo 12. Maelezo yalikuwa ya Kiswahili, maneno yasiyozidi 60 kila kimoja, na kabla ya kuyachapisha nilimsomea mhudumu wa usafi wa ghorofa ya chini. Pale aliposema “hapo umeniacha”, niliandika upya.

Kielelezo kilichofanya kazi kuliko vyote hakikugharimu karibu chochote. Ilikuwa desturi katika kurasa zile mshairi wa mji mmoja kutupa fumbo, na wa mji mwingine kulifumbua kwa shairi katika toleo la baadaye. Tulikuza fumbo moja hadi likawa na ukubwa wa mlango, tukaliweka ukutani, na chini yake tukabandika karatasi pana isiyo na kitu, pamoja na penseli iliyofungwa kwa uzi. Siku tatu za kwanza hapakuwa na lolote isipokuwa jina la timu ya mpira. Siku ya nne mtu aliandika ubeti kamili. Siku ya tano mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu ambayo hatukuitoa sisi, alichora mstari chini ya kipande kimoja cha ubeti ule akaandika pembeni: “Mizani tisa! Rudi uhesabu.” Kuanzia hapo karatasi haikulala. Mwenye ubeti alirudi, akakata neno moja, akabaki na mizani nane, yaani silabi nane, kama kipande kinavyotakiwa. Wengine wakaingia, na ilipofika wiki ya pili tulilazimika kubandika karatasi nyingine. Niliwahi kumkuta mwanafunzi wa uhandisi akihesabu silabi kwa vidole mbele ya ukuta, huku mwenzake akimwita waende kipindini.

Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, tumia kwenye karatasi na penseli kabla ya kufikiria meza kuu.

Kuna jambo ambalo nililijua darasani na bado nikalikosea, nalo ni mwanga. Katika maonyesho yale ya kwanza tuliweka magazeti halisi kabatini, karibu na dirisha la mashariki, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Baada ya wiki sita nilinyanyua kadi ya maelezo iliyokuwa imelalia ukurasa mmoja, nikakuta chini yake umbo safi la pembe nne, jeupe kuliko ukurasa wote, kama alama inayobaki ukutani picha ikiondolewa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na ligini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na ligini ikipigwa na mwanga pamoja na hewa hugeuka njano, kisha karatasi hukauka na kuvunjika kama kaukau. Madhara hayo hujikusanya na hayarudi nyuma. Kulipumzisha gazeti gizani baadaye hakulirudishi lilivyokuwa. Wataalamu wa uhifadhi hushauri mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa vitu vya namna hii, kiasi ambacho mgeni huhisi ni gizagiza mpaka macho yazoee, na kipindi kisichozidi miezi mitatu au hivi. Mimi siku hizi huskani ukurasa, nikachapisha nakala nzuri ya ukubwa uleule, na kusema wazi katika maelezo kwamba ni nakala. Gazeti lenyewe la asili hulitoa siku moja tu ya mazungumzo, juu ya mto wa kitambaa, mkutubi akiwa amesimama kando. Usitumie pini, wala gundi, wala ule utepe wa plastiki wa ofisini. Doa lake litadumu kuliko ajira yako.

Barua za watu binafsi na picha za familia zina shughuli yake ya ziada. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini hata pale sheria inaporuhusu, kawaone watu wa ukoo wake. Nimewahi kupewa vitu vizuri zaidi kwa sababu tu nilikwenda kuomba ruhusa ya kitu kidogo.

Sasa niseme juu ya lango. Tunapoandika kwenye bango kwamba wananchi wote wanakaribishwa, tunasahau kwamba mlinzi wa maktaba ya chuo amefundishwa kumzuia kila asiye na kitambulisho cha chuo. Tulimwalika mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile gazeti lilipopangwa herufi kwa herufi kwa mkono. Alifika mapema, akiwa amevaa kanzu na koti, akazuiwa mlangoni kwa dakika 40 juani, kwa kuwa barua ya mwaliko aliiacha nyumbani na mimi nilikuwa ndani nikihangaika na kipaza sauti. Nilipotoka nilimkuta amekaa juu ya ukuta wa bustani. “Shikamoo mzee, tuwie radhi sana,” nilimwambia. “Marahaba, mwanangu. Vitabu vyenu vina askari mkali kuliko benki,” akajibu, akacheka, mimi sikuweza kucheka. Tangu siku ile walinzi ndio wageni wangu wa kwanza. Huwapitisha kwenye maonyesho siku moja kabla, nikawaachia majina ya wazungumzaji pamoja na namba yangu ya simu.

Mzee yule alizungumza bila karatasi. Alitueleza kwamba makasha ya herufi waliyoletewa yalikuwa yamepangwa kwa hesabu ya Kiingereza, chenye kupenda sana herufi e, ilhali Kiswahili hula herufi a kuliko zote. Kwa hiyo habari ndefu ikiingia, a zilikuwa zinakwisha katikati ya ukurasa, na mpangaji alilazimika kusubiri ukurasa mwingine uchapwe na kufumuliwa ndipo apate za kuendelea. Nilikuwa nimeyasoma magazeti yale kwa miaka mingi bila kujua hilo. Ukiwa na nafasi ya programu moja tu katika muhula, mtafute mtu wa namna hii, mlipe nauli na posho kabla hajakukumbusha, na umpe kiti kizuri badala ya jukwaa.

Kuhusu tarehe, wengi hukimbilia tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza Novemba 2021. Ni siku yenye maana, lakini katika chuo nilichofanyia kazi wanafunzi wakati huo wako kwenye mitihani au wamekwisha kwenda mafunzo kwa vitendo, na kwa walio Dar es Salaam kuna Sabasaba pia. Fungua katikati ya Mei, na tarehe 7 Julai iwe siku ya kufunga.

Kufunga kwenyewe kunahitaji siku nzima. Kila kitu kihakikiwe kwa orodha ileile kilichotokea nayo, kirudi kwenye boksi lake, na boksi kwenye rafu yake, siku hiyohiyo, kabla hakijapumzishwa “kwa muda” juu ya meza ya mtu. Maelezo, nakala na kitabu cha wageni navyo viingizwe kwenye kumbukumbu za maktaba. Zile karatasi mbili za ukutani nilizikunjua, nikazipiga pasi hafifu juu ya kitambaa, nikaziorodhesha kama tunavyoorodhesha hati nyingine yoyote. Zina namba ya rafu sasa, na mwaka jana mtu alizijazia kikaratasi cha maombi.