"Subutu!" ya kukatalia imetoka wapi?

Tahajia sanifu ni "thubutu". Wengi wetu th inageuka s mdomoni, ndiyo maana umeliona limeandikwa hivyo. Asili ni Kiarabu, shina lile lile la thabiti na ithibati, yaani kusimama imara. Kwetu likawa kuwa na ujasiri wa kufanya jambo: "hakuthubutu kumjibu baba yake."

Kukataa, kwa ninavyoona mimi, kumeanzia kwenye kitisho. "Thubutu uone!" ni kusema jaribu tu, utakiona. Ondoa "uone", kitisho chote kinabaki kwenye sauti:

"Nikopeshe tena, nitalipa Ijumaa."
"Thubutuuu!"

Hiyo u ya mwisho huvutwa, na midomo imeshabenuka yenyewe. Likisemwa kifupi, halina utamu.

Kuna na la kubeza: "Huyo atakurudishia hela? Thubutu!" Hapo hakuna anayekatazwa, ni kwamba jambo halitatokea, ndugu yake "wapi!" Mkubwa wako usimjibu hivyo hata kwa utani. Shemeji au rafiki mliyezoeana, ruksa. Na usilichanganye na "ng'o", lenyewe hukaa mkiani mwa sentensi: "sitoi ng'o!"