Sahani za kioo zinapasuka tanurini: soma ufa kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini sahani za wanafunzi wako, kioo cha dirisha chenye vipande vya chupa za rangi juu yake, zinapasuka, na mwenzetu mmoja kakujibu uongeze joto. Usiongeze. Nyuzi 830 za Selsiasi zinatosha kabisa kuunganisha kioo cha dirisha. Tatizo liko mahali pengine, na ufa wenyewe utakuonyesha.

Chunguza ukingo wa ufa. Ukiwa umelainika na kuviringika, kioo kilipasuka wakati joto linapanda, kisha moto ukaulainisha. Hapo punguza kasi: nyuzi 150 kwa saa. Ukiwa mkali wa kukata, kilipasuka wakati wa kushuka. Sasa fuata njia ya ufa. Ukikatiza sahani nzima kwa kujipinda kama S, hakikupoozwa polepole vya kutosha. Ukitambaa kandokando ya kipande cha chupa, hakuna ratiba itakayokusaidia: vioo hivyo havipatani, kimoja kinasinyaa kuliko kingine vinapopoa.

Ndiyo maana vioo vinavyouzwa kwa kazi hii hupewa namba ya kutanuka, yaani kinatanuka kiasi gani kikipata joto, kwa kawaida 90 au 96, na hizo mbili hazichanganywi. Chupa na dirisha vina namba zinazokaribiana, lakini kukaribiana si kupatana. Kata vyote kwenye shiti moja. Ukitaka rangi, tumia enameli za kioo (rangi za kupaka zinazoshika kioo zikichomwa), au bandika karatasi nyembamba ya shaba katikati ya tabaka mbili.

Kama lazima utumie chupa, pima kwanza. Weka kipande cha sentimita 2 cha chupa juu ya mkanda wa kioo cha dirisha, na pembeni yake kipande cha kioo kilekile cha dirisha. Choma, pooza, kisha fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta ya LCD na uchukue miwani ya jua ya polaroidi. Izungushe miwani mpaka skrini iwe nyeusi, halafu weka mkanda kati ya skrini na miwani. Mwanga ukizunguka kipande cha chupa peke yake, havipatani. Ukizunguka vyote viwili, kupooza kwako ndiko kubovu. Watu wengi huruka hicho kipande cha pili, kisha wanalaumu chupa bure.

Ratiba ya kuanzia kwa sahani ya milimita 6: nyuzi 150 kwa saa hadi 670, subiri dakika 30 hewa itoke, 250 kwa saa hadi 830, dakika 10, acha ishuke haraka hadi 550, ikae saa 1, kisha 80 kwa saa hadi 430, 100 kwa saa hadi 370, halafu zima. Mlango usiguswe mpaka ndani pawe pa vuguvugu. Kwa milimita 12, kaa saa 2 kwenye 550 na ushuke 55 kwa saa.

Umeme ukikatika wakati wa kushuka, acha tanuri limefungwa. Ukirudi, panda 100 kwa saa kutoka pale ulipo hadi 550, uanze kupooza upya. Usikawie kati ya 700 na 800, maana hapo uso wa kioo hufifia na kuwa na utando kama wa maziwa.

Rafu ya tanuri ipakwe unga wa alumina na kaolini (udongo mweupe) ili kioo kisigande, kipimo 1 kwa maji 5, upakwe mara nne kwa kubadilisha mwelekeo wa brashi, ikauke kabisa. Baada ya kila mchomo wa 830 kwangua upake upya. Lowesha kwanza na vaa barakoa, hilo vumbi si la kuvuta.

Kwa somo la kwanza usiwape maua na samaki. Wakate miraba ya sentimita 10 ya kioo cha milimita 3, wachome tabaka moja, mbili na tatu pamoja. Moja itajikunja ndani, kingo nene na katikati nyembamba yenye mapovu. Mbili zitabaki na umbo. Tatu zitatapakaa nje. Kioo kilichoyeyuka hutafuta unene wa milimita 6 hivi. Aliyeona hivyo kwa macho yake hatakuuliza tena kwa nini sahani yake ya tabaka moja imetoboka katikati.